Neno la Siri

Mwanangu mpenzi,

Usishtuke, leo naandika mwenyewe, si baba yako mdogo. Niko maktaba ya mtaa, kwenye kompyuta ya karibu na dirisha. Hapa intaneti ni bure na kutufundisha wanatufundisha. Simbembelezi tena mtu mwenye bando.

Hatujambo. Paka wako amezaa ndani ya kapu la nguo, na mapazia niliyoshona yametoka mafupi, yananing'inia kama kaptura.

Siku ya kwanza dada wa maktaba aliniambia, "Mama, weka neno la siri." Nikamsogelea, nikamnong'oneza sikioni. Alicheka mpaka akashika meza. "Hata mimi usiniambie! Nani mwingine analijua?"

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nikamjibu, "Shemeji yangu. Ndiye anayenisomea barua pepe na kunijibia."

Akaacha kucheka. Tukalibadilisha palepale.

Ndipo nikazisoma zote. Nimeona ulivyoniuliza, tena na tena, kama kweli nataka kuuza nyumba. Nimeona na majibu yangu, kwamba nataka, tena upesi. Mwanangu, mimi niliambiwa unanisalimia tu.

Nyumba haiuzwi. Dalali akija atanikuta barazani na ufagio.

Jana baba yako mdogo alikuja analalamika: simu yake ina kasoro, inakataa kufungua barua zangu. Nikampa pole, nikammiminia chai.

Ni mimi mama yako,
kwa vidole vyangu mwenyewe.