Akala Zangu Ulizoondoka Nazo

Mpendwa mwalimu Ouma,

Naandika barua hii wazi, aisome yeyote, kwa sababu simu yako haishiki tangu Februari na sijui kijiji chenu kinaitwaje. Huenda mtu anayekujua akaiona, akakuambia kwamba yule fundi wa nguo wa Gatina, hapa Kawangware, yule mbishi, bado anakutafuta.

Nimechoka, mwalimu. Niseme hilo kwanza, maana wewe ulikuwa ukituona tumechoka kabla hatujafungua mdomo, ukatuambia tukae chini tunyooshe miguu. Siku hizi hakuna wa kuniambia nikae chini.

Unakumbuka siku niliyokuja mara ya kwanza? Ulikuwa umetembea kutoka kwako Kisumu Ndogo, kule Kibera, kama kila Jumapili, na ukumbi wetu wa mabati ulishaufagia. Niliingia na sketi yangu ya kazini na akala miguuni. Ukaziangalia, tairi kuukuu na misumari, ukacheka mpaka ukajishika mbavu.

"Mathe, hizi ni za kuchunga mbuzi Machakos. Karate ni miguu mitupu. Vua, panga hapo mlangoni, vidole viangalie nje."

"Na mwizi akinishika hapo stage, nimwambie angoje kwanza nivue viatu?"

Hapo ubishi wetu ukaanza. Mimi nilitaka tufanye mazoezi na nguo tunazoshinda nazo, sketi, leso, viatu vya sokoni, kwa kuwa ndivyo tutakavyokutwa. Wewe ulisema mguu sharti uijue sakafu, na kwamba ndani ya suti nyeupe za karate mwenye ploti na mpangaji wake hawatofautiani. Na ni mimi niliyezishona suti hizo, kwa magunia ya unga, huku nikinung'unika. Yako ilibaki na chapa ya unga mgongoni hata baada ya kuichemsha. Siku moja ukaniambia, "Ukivua viatu, unasema hapa ndani hakuna mtu utamkimbia." Nikakujibu kwamba hayo ni maneno ya mtu asiye na viatu vizuri. Darasa zima likacheka, nawe ukacheka.

Kisha ikaja ile Jumapili tuliyokuwa tukisubiri matokeo ya kura. Tulikutumia ujumbe usije. Ukaja. Tulikuwa katikati ya mazoezi mayowe yaliposikika barabarani, na mtu akapita akigonga mabati akisema nyumba zinachomwa. Watu waliukimbilia mlango, kila mmoja akanyakua viatu vilivyomjia mkononi. Tulibaki wewe, mimi, na Wambui muuza sukuma wiki, aliyekuwa ameshika vyake. Vyako vilikuwa vimeenda. Pale mlangoni zilibaki akala zangu tu, hakuna aliyezitaka.

Nje vijana wenye panga walikuwa wakiwauliza watu majina, wajue ni wa kabila gani. Mtaa wote ulikujua kwa ile suti, maana ulizoea kutoka kwako ukiwa umeivaa. Nilikimbia kwangu, hapo nyuma ya ukumbi, nikaleta suruali na koti la mume wangu. Ukabadilisha. Ukaziangalia akala, halafu ukaniangalia.

"Vaa tu," nikasema. "Leo mimi sicheki."

Mkatoka na Wambui amekushika mkono, nami nyuma yenu miguu mitupu, kama ulivyotaka siku zote. Vijana waliposogea, Wambui akaanza kukugombeza kwa Kikuyu, kwa sauti ya mke aliyechoshwa na mlevi wake. Hukuelewa neno hata moja. Uliinamisha kichwa tu, kama mume yeyote wa Kawangware. Kijana mmoja akacheka, "Mathe, peleka huyo mzee home." Tukapita. Tulikuacha kwenye lango la kituo cha polisi, kati ya watu na magodoro yao, na sikupata hata nafasi ya kukuaga.

Ulinipigia simu mara moja, ukiwa Kisumu. "Akala zimenifikisha," ulisema. "Nitazirudisha." Kisha ukauliza kama ukumbi bado umesimama.

Umesimama. Wakubwa wa siasa walipopeana mikono tuliufungua, na kwa kuwa hakuna mwingine, ninafundisha mimi. Nafundisha vibaya. Na hakuna anayevua viatu, mwalimu. Wanapiga mateke na viatu vyao na sweta zao, masikio yao yakiwa barabarani. Sakafu uliyokuwa ukiifagia imejaa matope ya masika. Sijawaambia kitu. Ningewaambia nini, na mimi mwenyewe nasimama mbele yao na raba nilizofunga kamba mara mbili?

Basi nimeshinda. Tunafanya mazoezi na nguo za kila siku, vile vile nilivyotaka, na sioni raha yoyote. Ningependa kukusikia ukinicheka.

Suti yako ninayo. Nimeifua, nimeipiga pasi, nimeitundika karibu na cherehani. Wateja wakiuliza ni ya nani, nawaambia ni ya mwalimu wetu, amesafiri kidogo.

Jumapili iliyopita, wote walipokwisha kutoka, nilivua raba zangu nikazipanga mlangoni, vidole nje, nikasimama katikati ya ukumbi. Sakafu ilikuwa baridi. Pikipiki ikapiga mlio huko nje, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshafika mlangoni, kiatu mkononi.

Siwezi peke yangu, mwalimu. Rudi na akala zangu. Uzivue wewe kwanza, uziweke pale mlangoni wote wakiona, nami nitaziweka raba zangu kando yake. Huo ubishi nitakuachia.

Ukae salama huko uliko,

Mwanafunzi wako mbishi,
Mwikali