Baba, Masanja Alitania au Ulimtuma?

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini sijazoea kuanza na wewe vingine.

Arobaini yako imepita na bado sijui la kufanya. Mnyapara wa bohari ya mafuta pale Kurasini ameleta salamu hapa Temeke: nafasi yako nipewe mimi, Jumatatu nifike langoni. Mama ameshafua kaptula yako ya khaki. Na mimi sijui.

Tatizo ni mtani wako Masanja. Siku ya maziko alivaa kofia yako, akajitwisha debe tupu, akachechemea uani kama wewe ukirudi kazini, halafu akasema kwa sauti yako kabisa, "Mwanangu akienda kubeba mafuta ya watu, nafufuka nimchape!" Watu walicheka huku wanalia. Mimi pia nilicheka. Sasa maneno hayo hayanitoki. Ulimwambia wewe, au ni Msukuma tu alikuwa anatuchokoza sisi Wazaramo?

Maana wewe, Baba, hukuwa na kauli moja. Uliisifu kampuni ile ya Wazungu tangu ilipokuwa banda moja la madebe hadi ikajaa matangi na mabomba. "Kampuni ikikua, na sie twakua," ulikuwa ukisema, na sisi tumo chumba kilekile. Kisha siku ile kahawani, gazeti liliposomwa kwamba Waajemi wameifanya kampuni ya mafuta ya kwao kuwa mali ya serikali yao, ukaninong'oneza, "Na huku iko siku." Kesho yake nikakuuliza habari hiyo mbele ya wenzako, ukanikaripia kama mtoto, nami nina mke! Niliumia. Mpaka leo naumia.

Juzi nilimfuata Masanja nimuulize. Yeye, ambaye hajapata kuniona asinitukane, alinishika bega tu, akaenda zake. Sasa hiyo ndiyo nini?

Nimechoka kukutafuta vinywani mwa watu. Mke wangu ana mimba, na mtoto hatangoja mpaka mimi nielewe. Jumatatu nitakwenda Kurasini. Labda ungekataa. Labda ndilo ulilolitaka siku zote ukaona haya kulisema. Sijui, Baba, wallahi sijui.

Lala salama. Nikija kujuta, nitajuta kwa jina langu. Sitamwambia mtu kwamba wewe ndiye uliyenituma.

Mwanao,
Salumu