Kofi Alilopigwa Profesa Tshibanda

KITUO CHA POLISI, NCHELENGE, ZAMBIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ngalula (la ubatizo Germaine). Umri: miaka 27. Kazi: mwalimu wa sekondari. Makao: Kilwa, Zaire.

Mnamo tarehe 12 Agosti 1976, asubuhi, niliingia ukumbi wa baraza hapa Nchelenge pamoja na mama yangu, Angèle, muuza samaki. Kulikuwa mukutano wa watafiti na wavuvi. Sikujua Profesa Tshibanda atakuwepo. Yeye ndiye alisimamia kazi yangu ya kumaliza chuo kikuu, juu ya wajane wanaokausha samaki. Aliiba kazi hiyo.

Alisimama, akasoma. Sentensi ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili pia. Nilingoja anitaje. Hakunitaja. Kisha akasoma: "Siku tulipomuzika baba, mama alinikataza kulia mbele ya shemeji zake. Alisema wakiona machozi watatunyang'anya pahali petu pa kukaushia samaki."

Baba huyo ni baba yangu. Huyu mutu hata neno "mama" hakulibadilisha.

Mama alisimama. "Profesa, miye nilikuzaa lini?"

Watu walicheka. Profesa akaniambia kwa Kifaransa nimutoe nje huyu mama wa samaki. Mama hajui Kifaransa, lakini aliona mukono wake ukionyesha mulango. Alienda mbele, akamupiga kofi. Moja. Sikumuzuia, na sitasema nilijaribu.

Bi Beauty Nkonde, mwenyekiti wa mukutano, alimuuliza Profesa, "Hii kazi aliandika nani?"

"Mwanafunzi wangu. Kwa hiyo ni yangu."

Bi Nkonde akachukua makaratasi, akasema hayatachapishwa mupaka chuo kijibu kazi hii ni ya nani.

Mwaka jana nililalamika juu ya wizi huu kwa wakubwa wa chuo. Walinijibu niheshimu mwalimu wangu, basi. Leo, juu ya kofi moja, polisi walifika mbio, wakamukamata mama.

Profesa anataka mama aombe musamaha. Baba yangu hakufa ili huyu mutu apandishwe cheo. Hatuombi.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo haya, nayatia sahihi kwa hiari yangu.

(Sahihi) G. Ngalula

Yameandikwa nami, Konstebo Davison Bwembya, kwa Kiswahili, kwa kuwa shahidi hajui Kibemba vizuri. Nilimsomea. Alikataa kutia sahihi hadi nilipofuta neno "alichukua" na kuandika "aliiba". Mlalamikaji, Profesa Tshibanda, alipoambiwa maelezo haya yatasomwa mahakamani, aliondoa mashitaka. Mama Angèle ameachiliwa. Shahidi ameomba nakala ya kupeleka chuo kikuu. Nimempa.