Nyota ya Wavivu

Ganda, Alhamisi jioni. Manyunyu tangu adhuhuri, sasa mbingu imefunguka.

Jua la Ganda haliwezi kuchomoza bila ruhusa yangu. Mimi ndiye ninayeliamsha. Jogoo wote wa hapa ni wanafunzi wangu, na walio wavivu nimeshawafukuza.

Hivyo ndivyo ningeandika jana. Leo mkono mzito, na hata kujisifu kunanichosha.

Mimi ni mgema. Shule niliiacha darasa la sita, nikahamia juu ya minazi, na huko sijapata mwalimu wa kunichapa. Kazi yenyewe inataka miguu na kuamka. Unapanda kabla ya jua, unashusha tembo lililotona usiku, unachonga tena pale linapotona, unaning'iniza kibuyu. Jioni unarudia.

Saa sina. Saa yangu ilikuwa nyota mbili. Masika yalipoanza zilikuwa zimesogeleana upande wa mashariki kama bwana na bibi harusi, zinang'aa kuliko zote. Mimi hulala barazani, kwa hiyo zikichungulia juu ya mikorosho ya jirani, naamka, na alfajiri inanifuata nyuma.

Kisha mawingu yakafunika mbingu majuma mengi. Yalipoondoka, nikakuta wale maharusi wameachana. Mmoja anatangulia mbali, mwingine anakuja nyuma anajikokota. Nikachagua anayetangulia, maana mimi si mtu wa nyuma. Yule mwingine nikamwita nyota ya wavivu.

Hapo ndipo uchovu ulipoanza.

Nilikuwa namaliza minazi yote, nashuka, nakaa chini kungoja jua, na jua halitaki kuja. Nilidhani ni mimi nimezidi kuwa hodari. Nilijisifu kwa wagema wenzangu, nikajisifu mpaka kwa mbuzi. Lakini macho yalikuwa yakiwasha kama yametiwa pilipili. Juzi nilisinzia juu kabisa, nimeukumbatia mnazi kama mke.

Dada yangu Kadzo, aliyemaliza kidato cha nne, aliniambia mapema.

"Kazungu, zile si nyota, ni sayari. Zinatembea. Hiyo yako kila siku inawahi zaidi."

"Inatembea, ina miguu?"

"Wewe cheka. Utaishia kuamka watu wakiwa bado wanakula chakula cha jioni."

"Umesoma miaka yote hiyo uje kunifundisha mbingu iliyo juu ya kichwa changu?"

"Haya, bwana mkubwa wa mbingu. Nimenyamaza."

Leo Kadzo alitakiwa Kilifi kwenye usaili wa wanaotaka kusomea uuguzi. Walikuwa waitwe majina asubuhi, na jina likiitwa bila mtu, linapita. Basi la kwanza tu ndilo lingemfikisha kwa wakati. Jana Mama alimwambia aende akaazime saa ya kengele ya mwenye duka. Nikakasirika kweli.

"Kuazima saa na mimi nipo? Mama, unanitukana."

Kadzo aliniangalia kidogo, akapiga pasi blauzi yake nyeupe, akalala. Aliniamini. Hilo ndilo linalonichoma.

Nilimwamsha nyota yangu ilipotokea. Tukatembea hadi barabara kuu, yeye ameshika viatu mkononi visishike matope.

"Kazungu, mbona hata jogoo hawajawika?"

"Jogoo wa siku hizi wana dharau."

Akacheka. Upepo wa kusi ulikuwa baridi, tukajikinga nyuma ya rundo la mawe ya kujengea. Alitandika leso, akakaa kwa uangalifu kwa ajili ya sketi. Tukangoja. Nyota yangu ikapanda, ikapanda, ikafika juu, na barabara bado kimya. Kichwa chake kikaanza kuanguka begani kwangu.

"Lala, dada. Mimi nipo."

Akalala.

Baadaye sana ndipo nyota ya wavivu ilipochomoza, kubwa, nyeupe, na nyuma yake mbingu ikaanza kupauka. Nikaelewa. Yule mvivu ndiye aliyekuwa akija na alfajiri siku zote, na mimi nimekuwa nikiruka kitandani kwa ajili ya mwingine anayekimbilia usiku wa manane. Uchovu wa majuma yote ukanishukia mara moja, kama gunia limewekwa kichwani.

Walioniamsha ni watoto wa shule. Mmoja alikuwa akisema, "Watazame, wamelala kama mihogo." Jua lilikuwa limeshatoka.

Kadzo hakulia. Alivaa viatu, akasimama barabarani, akapanda gari lililofuata. Alirudi alasiri. Jina lilikuwa limeshapita, na mlango ulikuwa umefungwa. Mwakani ajaribu tena, kama watachukua watu.

Pale barabarani nilimwambia basi la kwanza halikupita, lazima limeharibika njiani. Naye akaja kumwambia Mama hivyo hivyo. Mama akamlaani mwenye basi, na mimi nikasaidia kulaani.

Sasa amekaa hapa barazani, anaikunja ile blauzi, ambayo haitakuwa na kazi karibuni.

"Unaandika nini?" ameniuliza.

"Habari za nyota."

"Andika kwamba zinatembea."

Nimeandika.

Lakini kosa si la nyota, wala si la sayari. Basi halikuharibika. Lilikuja, likasimama. Nilisikia honi, nikamsikia na utingo akiuliza gizani kama kuna abiria wa Kilifi. Nilijua ndilo. Nikajiambia nifumbe macho kwa pumzi moja tu, kisha nitamwamsha.

Nilikuwa nimechoka.