Mwanamke wa Kibandani

Jumatatu, 6 Juni 1994

Siku ya kwanza. Mvua. Nimefika nimelowa hadi soksi. Bw. Kipsang, msimamizi wa makumbusho, alisoma barua ya chuo, akarudia jina langu mara mbili. Bochaberi. "Wewe ni wa Kisii," akasema. Nikasema ndiyo. Akasema hakuna shida, hapa ni kazi tu. Sikuwa nimeuliza kama kuna shida.

Na makumbusho yenyewe! Nilitarajia jengo. Ni klabu ya zamani ya wazungu wa majani chai, vyumba vitatu, mabati yameshika kutu. Vitu vimerundikwa kwenye magunia: vibuyu, vigoda, mizinga ya nyuki, ngozi, mikuki isiyo na mipini. Hakuna hata kimoja chenye namba. Kazi yangu kwa wiki nane ni kukiandikia kila kitu kadi: jina, kilikotoka, kilikuwa cha nani, kinatumika vipi. Mwishoni mwalimu mmoja atakuja kutoka Nairobi, mara moja tu, anikague na kujaza fomu. Nikianguka hapo hakuna cheti. Miaka miwili ya chuo bure.

Jumatano, 8 Juni

Kericho ni baridi! Mvua inaanza saa nane kamili, kama imeajiriwa. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta.

Mama alinionya nisiongee Kikisii sokoni. Nje ya kazi sijaongea lugha yoyote na mtu yeyote tangu Jumapili, ukiacha kusema nipe nyanya na asante. Nikipita kati ya watu najikuta nawaangalia nyuso. Je, huyu alikuwepo? Na huyu? Shamba letu lilikuwa upande wa Sotik, chai na ndizi na nyumba ya mabati aliyoijenga Baba. Mwaka wa tisini na mbili, wakati wa mapigano, majirani zetu Wakipsigis wakatuambia sisi si wa hapa. Tulitoka na magodoro mawili na ng'ombe mmoja. Sasa tunakodi nyumba Keroka. Na mimi nimetumwa huku kuwaandikia vibuyu vyao vizuri, visipotee!

Ijumaa, 24 Juni

Kadi mia moja na kumi. Naandika kwa wino mweusi, herufi zilizosimama. Ni kazi nzuri, hata kama ni mimi ninayesema.

Bw. Kipsang hajui nusu ya vitu vyake. Anayejua ni Gogo Chepngeno, mama mzee kutoka Litein; gogo kwa lugha yao ni bibi. Ngozi nyingi ni zake, amezikopesha tu, na kila wiki anakuja kuhakikisha hazijaibwa. Jana aliona nimeandika kibuyu kimoja kuwa ni cha maji. Akanipiga kofi mkononi. "Kipuyu hii ni ya masiwa, wewe! Nusa!" Nikanusa. Moshi, mkaa, maziwa ya zamani. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia ukweli, sijui kwa nini. Halafu akasema kwa hiyo sijui maziwa, najua ndizi tu, akavuta kigoda karibu ili anifundishe.

Sitaki kumpenda. Naandika hapa ili nikumbuke.

Jumatatu, 11 Julai

Sanamu imefika! Chumba cha tatu tumejenga kibanda cha udongo na nyasi, na ndani lazima akae mwanamke wa Kikipsigis wa zamani. Kamati ya makumbusho iliagiza sanamu Nairobi. Leo tumefungua sanduku. Mzungu! Sanamu ya duka la nguo, rangi ya waridi, midomo myekundu, mkono mmoja. Janeffer wa taipu alicheka mpaka akakaa chini. Bw. Kipsang hakucheka. Alichukua rangi ya viatu ya kahawia akaanza kuipaka usoni. Ikatoka madoadoa kama ng'ombe. Mwenyekiti wa kamati alipoiona alisema ifichwe kabla wazee hawajaiona.

Ufunguzi wa makumbusho ni tarehe 29.

Jumatano, 13 Julai

Wamemwomba Janeffer akae kibandani siku ya ufunguzi, avae ngozi, asage wimbi. Amekataa. "Mimi nimeokoka, Bwana Kipsang. Hizo vitu nilitoka huko." Wakaenda kwa akina mama wa kwaya. Wote wameokoka. Mmoja alisema hata kuigusa ile ngozi ni kumfungulia shetani mlango. Nyanya zao ndio waliozivaa! Gogo Chepngeno alisikia hayo akatema mate nje, akasema yeye angekaa, ila magoti hayakunjiki.

Mwisho wa yote Bw. Kipsang alisimama mlangoni pa chumba changu cha kadi. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa. Nikajua.

Alhamisi, 14 Julai

Nimemwambia mimi si Mkipsigis. Akasema wageni hawatajua, mradi nisifungue mdomo. "Ukiongea tu, tumeaibika. Wewe saga tu." Nikamwambia mimi pia ni mtu wa kanisa. Akasema kitabu changu cha mazoezi ya kazi, kile cha chuo, kiko kwenye droo yake, bado hajaweka sahihi, na yeye hapendi kumharibia mtoto wa wenyewe. Amelisema kwa upole kabisa! Afadhali angefoka.

Nikitaka shamba mimi si wa hapa. Wakitaka sanamu mimi ni nyanya yao.

Ijumaa, 22 Julai

Barua kutoka chuoni. Mkaguzi ni Bw. Ondieki! Anakuja tarehe 29, siku hiyohiyo. Nimefurahi mpaka nimeimba bafuni. Anatufundisha utunzaji wa vifaa, na ni mtu wetu, wa Kisii kabisa. Hatimaye mtu wa kumwonyesha kadi zangu. Mtu wa kuongea naye!

Nimemwambia Bw. Kipsang. Akasema tutapanga. Ufunguzi utaisha saa sita, nitabadilisha nguo, mwalimu atanikuta mezani. Kadi ni mia tatu na sita. Nimezipanga kwenye masanduku manne kwa herufi.

Jumatano, 27 Julai

Mazoezi. Gogo Chepngeno ndiye aliyenivisha. Janeffer alikuwa amenifunga ngozi ya msichana na kunipachika mapambo ya masikio ya mke wa mtu. Gogo alikasirika! Alinivua yote, akaanza upya. Masikio yangu hayana matundu makubwa, kwa hiyo mapambo yamefungwa kwa uzi. Uso na mabega akanipaka mafuta ya ng'ombe na udongo mwekundu. Janeffer akauliza mlangoni kama Gogo haoni ubaya, ngozi ya mama yake kwa Mkisii. Gogo hakugeuka. "Kwani Mkisii hana mapega?"

Nikajitazama kwenye kioo cha Janeffer. Sikujijua.

Ijumaa, 29 Julai

Saa nane na nusu. Naandika kwenye meza ya Bw. Kipsang. Bado nimevaa ngozi, mafuta yanachafua daftari. Wacha yachafue. Nataka niyaandike kwa mpango kabla sijafanya chochote.

Wageni walianza kuingia saa nne. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Gogo Chepngeno amekaa mlangoni mwa kibanda, analinda ngozi zake. Walikuja wazee, walimu, watoto wa shule, wazungu wawili wa kiwanda cha chai. Watoto walinirushia karanga wakitaka kuona kama nitasogea. Mama mmoja alinisalimu, chamge, nikainamisha kichwa tu, na Gogo akajibu kwa niaba yangu. Saa sita ikafika, ikapita. Mwenyekiti alikuwa bado anahutubia.

Saa saba hivi aliingia Bw. Ondieki. Suti ya kijivu, kamera shingoni, dereva wa chuo nyuma yake. Nilimtazama usoni kabisa. Miaka miwili nimekaa safu ya pili mbele yake. Nilifikiri atacheka, atasema Bochaberi, ni nini hiki wamekufanyia.

Alisoma kadi iliyo mlangoni. Kadi yangu, mwandiko wangu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. Kisha akamgeukia dereva, akasema kwa Kikisii, bila hata kupunguza sauti, kwamba ndio hawa. Ndio waliochoma nyumba ya ndugu yake. Ukiwaona wamepiga magoti hivi utadhani ni watu. Dereva akacheka. Bw. Ondieki akaongeza neno moja juu yangu, juu ya mwili wangu, ambalo sitaliandika.

Halafu akachuchumaa kando yangu akanishika bega. Akatabasamu. Dereva akapiga picha.

Niliendelea kusaga. Ndiyo, niliendelea! Sikujua mikono ingefanya nini kingine.

Gogo aliniuliza polepole, yule bwana amesema nini. Nikamwambia anasifu ngozi. Akafurahi. Akainyoosha begani mwangu pale mkono wa yule bwana ulipoikunja.

Na kitu kinachonichoma si kwamba ni maneno mageni. Nayajua. Nimeyasema mimi mwenyewe, jikoni Keroka, Mama akisonga ugali na sisi wote tukiitikia. Hayohayo. Hata lile la utadhani ni watu. Nilipoyasema hakukuwa na mtu aliyepiga magoti mbele yangu akiyasikia. Nimeona haya, na nimemchukia, na sijui nimeanza na lipi.

Saa nane kasoro Bw. Kipsang alikuja akihema. Mwalimu yuko ofisini, anakunywa chai, anamtaka mwanafunzi. Amemwambia nimetumwa posta. Nikimbie, ninawe, nivae sketi, niingie kwa mlango wa nyuma. Karai la maji lilikuwa tayari, nililiona. Nikalipita.

Niliingia hivi nilivyo, miguu mitupu. Nikamsalimu Bw. Ondieki kwa Kikisii, salamu ndefu, ile ya kumsalimu mkubwa, nikamuuliza habari za nyumbani na za ndugu yake. Kisha nikataja jina langu, la baba yangu, na upande wa Sotik tulikotoka.

Kikombe kilibaki karibu na mdomo. Bw. Kipsang, ambaye hakuelewa hata neno, alicheka akapiga makofi. "Umeshangaa, mwalimu! Si huyu ndiye mwanafunzi wako!"

Bw. Ondieki alitazama miguu yangu. Kisha kamera. Alimwomba Bw. Kipsang atupishe kidogo. Nilingoja aseme kitu. Nilingoja kweli, nilitaka hata aseme uongo, kwamba alikuwa anatania. Alisema kwa Kiswahili, "Kwa hivyo umezoea hapa." Akatoa fomu. Akaanza kujaza haraka, kichwa chini, bila kuniuliza swali hata moja. Masanduku manne ya kadi yalikuwa kando ya kiwiko chake. Aliyasogeza ili apate nafasi ya mkono.

Alipomaliza alinigeuzia karatasi. Niweke sahihi nimpelekee, yeye anaingojea kwenye gari, ana safari ndefu. Mlangoni akasimama, bado amenipa mgongo, na hapo ndipo akaongea Kikisii. Alisema mimi ni mtoto wa nyumbani, naelewa. Ya nyumbani tuyaache nyumbani.

Ametoka. Gogo Chepngeno ameingia, anataka ngozi yake kabla gari la Litein halijaondoka. Ananiambia niinue mikono. Nimemwomba dakika moja.

Nimeisoma fomu mara tatu. Alama za juu kila mahali. Hakuna mwanafunzi wa darasa letu aliyewahi kupata hizi, na nikizikataa sina nyingine. Uhifadhi, bora sana. Uandishi wa kadi, bora sana. Na pale chini kabisa, kwenye uhusiano wa mwanafunzi na wenyeji, ameandika kwa mkono wake: bora sana, anawaheshimu na wao wanamheshimu. Chini ya hapo kuna mstari wa sahihi yangu. Gogo ananiuliza ni barua ya nini, na mbona nalia, wamenifukuza? Dereva anapiga honi.