Ubeti Wako wa Mwisho, Baba

Baba yangu mpendwa,

Mdogo wangu Zuhura ameolewa. Nilitaka usikie kwangu, kwa sababu mimi ndiye uliyeniachia kazi ya kusoma mashairi yako.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulikuwa unashona kibarazani kwetu Nyasura, mimi nimesimama na daftari kando ya meza ya kukatia. Ulikanyaga cherehani taratibu, nami nilitakiwa kuufuata mwendo ule: kipande cha kwanza cha mstari, pumzi, kipande cha pili, pumzi ndefu. Nikiharakisha, uliacha kukanyaga. Hukunigombeza. Uliuliza tu, "Mama, mbona unakimbia, kuna mbwa?" Wateja walicheka, nami nikaanza upya.

Kwenye mahafali ya darasa la saba nilisoma shairi lako mbele ya wazazi. Katikati ya ubeti wa tatu nikapotea mstari, nikanyamaza. Watu wakadhani limeisha, wakapiga makofi, nikashuka jukwaani. Nilirudi nyumbani macho yamevimba.

"Makofi yalikuwa mengi?" ukaniuliza.

"Ndiyo."

"Basi siku nyingine yapokee. Vuta pumzi humo humo ndani ya makofi, halafu endelea. Wao hawajui kama umepotea."

Shairi la harusi ya Zuhura uliliandika ukiwa mgonjwa, nyuma ya karatasi ya kukatia mkono wa gauni, maana hukuwahi kutupa karatasi. Uliniambia ubeti wa mwisho nisiubadili hata neno, huo ni wa mtunzi. Humo uliandika: "Na mimi baba mzazi, mbele yenu nimeketi." Ulikuwa na hakika utakuwepo. Ukaondoka kabla hata kadi hazijachapishwa.

Asubuhi ya harusi, Musoma, baba mdogo aliniita pembeni. "Ule wa mwisho uruke, mwanangu. Utaliza watu, na wanja wa bibi harusi utamwagika." Alisema kwa huruma. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuukunja upande ule wa karatasi, nisiuone. Mama alitusikia.

"Shemeji, yule alikuwaga hapendi kabisa nguo yake ipunguzwe," alisema. "Mwache asome yote."

Nilipoikunjua karatasi ukumbini, watu walicheka kuona shairi lenye umbo la mkono wa gauni. Nilishukuru kicheko kile. Nikaanza kusoma, na chini ya meza mguu wangu ukawa unakanyaga wenyewe, baba. Beti nne zilikwenda vizuri. Wa tano, ule wa mwisho, nikasoma, "Na mimi baba mzazi," nikavuta pumzi, na sauti haikutoka tena.

Watu wakapiga makofi, kama siku ile ya shule. Mshereheshaji akanyoosha mkono achukue kipaza sauti. "Tumpongeze dada yetu, jamani."

Nilikishika kwa nguvu. "Bado, kaka. Nimesimama kupumua."

Wakacheka tena, wakapiga makofi zaidi, na humo humo nikavuta pumzi yangu. Nikarudi mwanzo wa mstari, nikausoma wote kwa mwendo wako, mpaka neno la mwisho: nimeketi.

Nikamtazama Mama. Tangu tuingie alikuwa ameweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni yake, na kila aliyetaka kukaa pale alimwambia kina mtu. Aliuchukua ule mkoba, akaupakata, akakiacha kiti wazi.

Wanja wa Zuhura ulimwagika, kama baba mdogo alivyosema. Hakuna aliyelalamika.

Cherehani yako bado ipo kibarazani. Siku nyingine nakaa mbele yake, naikanyaga bila uzi, nasoma kwa sauti. Nikiharakisha, naacha mwenyewe. Nakukumbuka sana hapo, kwa sababu hakuna anayeniuliza kuhusu mbwa.

Pumzika, baba. Karatasi yako nimeihifadhi, na lile kunjo nimelinyoosha kwa pasi.

Binti yako mkubwa, msomaji wako