Waliobaki Mwaloni Mbalamwezi Ikiwaka

Kashai, Bukoba

Dada yangu Somoe,

Assalaam aleikum, wewe na wote walio chini ya paa lako. Goti linaendeleaje? Shemeji ananiambia siku hizi unapanda kilima cha msikitini bila fimbo, nami nikamjibu kwamba hilo nitaliamini nikiliona kwa macho yangu. Na mikorosho imeanza kutoa maua, au imenuna kama mwaka jana? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Ninaandika kwa sababu nikipiga simu unampa shemeji, naye ananijibu kwa upole kama mtu anayemshikia mwenzake duka. Una haki ya kununa. Zuhura ameolewa na mjomba wake hakuwepo, na kwetu mjomba si mgeni wa kuja kula pilau, ndiye mwenye neno la mwisho. Isome barua hii mpaka chini, kisha unune upya ukitaka.

Kwanza nikwambie jambo ambalo kwenye simu huwa nalificha. Huku nina upweke, dada. Chakula si shida: ndizi zipo, samaki wapo, na mama mwenye nyumba hunibakizia mchuzi. Lakini jioni nikirudi nawakuta wapangaji wenzangu uani, kando ya kahawa iliyoanikwa, wanapiga soga kwa Kihaya. Wakiniona wanahamia kwenye Kiswahili kwa heshima yangu, na hapo hapo maneno yanawaishia. "Mpola, mgeni," wananisalimu. Miaka yote hii bado naitwa mgeni. Siku za mapumziko huenda bandarini Kemondo kutazama watu wanaoshuka kutoka visiwani na mizigo yao. Sina ninayempokea. Napenda tu kuona watu wakirudi kwao.

Unajua kampuni yetu ni ndogo, tunanunua dagaa wa visiwa vya Muleba, tunawafungasha na kuwapeleka Dar. Mwaka huu bosi wetu, Mama Koku, aliniita akaniambia, "Yusufu, utumwa wa siku hizi hauna minyororo. Mtu ananyang'anywa kitambulisho chake, basi, kwisha habari yake. Sitaki dagaa wangu waanikwe na mtu wa namna hiyo. Nenda mialoni ukawaulize."

Basi nikawa mtu wa kuzunguka mialo, kule mitumbwi inakoegeshwa na dagaa wanakoanikwa, nauliza watu kama wako pale kwa hiari yao. Ungeniona ungecheka. Katika mwalo mmoja tajiri alinipokea vizuri sana. Huku kila mwenye mitumbwi huitwa tajiri, hata kama ana mmoja, nao umetoboka. Akaniletea kahawa za kutafuna, ndiyo heshima ya mgeni huku, akakaa nami huku wanawake wanaomwanikia wametuzunguka. Nikawauliza mmoja mmoja. Wote wakasema, "Tuko vizuri." Mmoja wao, Adela, mtu wa Ngara, akanitania kwamba nina uso wa mtu anayekumbuka kwao. Tukacheka. Nikarudi nikamwambia Mama Koku mwalo ule hauna neno. Sikufikiri kwamba nimewauliza mbele ya mtu yule yule, nikitafuna kahawa yake.

Sasa sikiliza kazi ya huku inavyokwenda. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, kwa hiyo uvuvi unasimama na watu wa visiwani wanafunga mizigo kwenda kuona wake, waume na watoto. Sisi wanunuzi siku hizo hatukanyagi huko, maana hakuna cha kununua. Tunakijua kisiwa kikiwa kwenye giza tu.

Mbalamwezi ilipofika nilikuwa Kemondo kama kawaida yangu. Wakashuka wavuvi wa tajiri yule, akashuka na yeye mwenyewe, amevaa kanzu safi. Nikamtafuta Adela nimsalimie. Hakuwemo, wala mwenzake hata mmoja. Mbalamwezi iliyofuata, vivyo hivyo. Ningekuwa na mtu wa kumpokea pale bandarini, pengine nisingegundua lolote.

Mbalamwezi ya tatu, dada, ndiyo ya harusi ya Zuhura. Ruhusa nilikuwa nayo, tiketi ya basi ilikuwa mfukoni na khanga za bibi harusi nimeshazikunja. Nilikwisha mweleza Mama Koku kwamba wale wanawake hawashuki, naye mwenyewe aliniambia niende harusini, kisiwani tutakwenda mwezi mwingine. Lakini giza likirudi na tajiri naye anarudi, na kuna mtu angekaa mwezi mzima zaidi kwa ajili ya pilau yangu. Sikuweza. Nikairudisha tiketi, nikakupigia nikasema kazi imenibana. Ukakata simu. Nililia, sikufichi.

Tulikwenda kwa boti ya kukodi, mimi na mama mmoja wa ustawi wa jamii. Mwalo ulikuwa kimya, chanja za kuanikia dagaa tupu. Wanawake walikuwa wamekaa mlangoni wakisukana nywele. Nikamwuliza Adela mbona hawajaenda makwao.

"Twende na nini, kaka? Mitumbwi ameondoka nayo tajiri. Na vitambulisho vyetu anavyo yeye. Alisema anatutunzia."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipokuja."

"Na mkimwomba?"

"Anasema akitupa tutatoroka." Akaendelea kumsuka mwenzake. "Mama yangu alifariki nikiwa hapa hapa. Nilipewa simu nikaambiwa ameshazikwa. Siku ile dagaa walikuwa wengi. Nilianika mpaka jua likazama."

Kisha yeye ndiye aliyeniuliza, "Na wewe mbalamwezi hii mbona hukwenda kwenu?"

"Nilikuwa niende. Leo mpwa wangu anaolewa."

"Mawe!" akashangaa kwa lugha ya kwao, mkono mdomoni. "Leo? Na uko hapa?"

Tuliwaambia boti ina nafasi kwa anayetaka. Wawili waliogopa, wakabaki. Wengine wote walipanda na vifurushi vyao, bila kitambulisho hata kimoja. Katikati ya ziwa Adela akaniuliza jina la bibi harusi. Nikasema, Zuhura. Akawaambia wenzake, nao wakapiga vigelegele, mle mle botini, kwa mtu wasiyemjua. Nahodha alidhani tumepatwa na wazimu. Nilitazama saa. Ulikuwa wakati wa nikaha.

Mama Koku hakukimbilia kuacha kununua. Alisema akiacha tu, tajiri atamuuzia mwingine na wale wawili watabaki walipo. Alimbana mpaka akarudisha vitambulisho vyote mbele ya viongozi wa mwalo, na shauri lake sasa liko polisi. Wale wawili nao wametoka. Siku hizi mimi huenda visiwani mbalamwezi ikiwaka, na siulizi tena kama mtu yuko vizuri. Nauliza mara ya mwisho alikwenda lini kwao, kisha naangalia kama kuna chombo cha kumpeleka.

Lakini matajiri wengine wametukasirikia, hawatuuzii. Zipo siku wafungashaji wetu wanakaa bila kazi, na wananiambia mimi mtu wa kuja nimewaharibia. Chakula cha mchana nakula upande wangu. Adela nilimsindikiza stendi ya Bukoba akapanda gari la Ngara. Jioni akanipigia kusema amefika, yuko kaburini kwa mama yake. Tangu hapo, simu yangu haijaita kwa jambo lolote la maana.

Nisalimie shemeji, umwambie namshukuru kwa kunivumilia. Msalimie mama mkubwa, na yule jirani yetu mlinzi wa ghala la korosho. Zuhura na mumewe uwape khanga nilizozituma na barua hii, umweleze alivyopigiwa vigelegele ziwani.

Nimemaliza ya wengine, dada. Langu ni hili. Wale walikuwa na tajiri aliyewafungia njia. Mimi kitambulisho changu kiko mfukoni, basi la Dar linaondoka kila alfajiri, na sijaja nyumbani tangu tulipomzika baba. Nilipomuuliza mzee mmoja wa kisiwani mara ya mwisho alikwenda lini kwao, alinirudishia swali hilo hilo. Nimekwisha kata tiketi. Kama hasira zako hazijapoa, usizifiche kwa ajili yangu. Nitakaa nazo jikoni, mradi ni jikoni kwako.

Mdogo wako, anayekuja,
Yusufu